Mashua ya mbao futi 28, Kilifi: nikalafati tena au nichukue boti ya faiba? Niko Nairobi, nataka hesabu kabla ya mkopo

SouthB_Pwani

Wadau, naomba mwongozo kabla pesa hazijatoka. Chombo ni mashua ya mbao, futi 28, upana futi 7 na nusu, umri miaka 19. Mkuku (uti wa chini wa chombo) wa mbambakofi, mbao za chini za mwembe, mataruma (mbavu) 22. Mashine ni Yamaha Enduro ya nguvu farasi 40, tu-stroki ya kuchanganya oili. Iko Kilifi, inavua kwa nyavu za jarife na mishipi, nahodha na wavuvi watano. Ikilala nangani inaingiza maji madebe matatu hadi manne kwa usiku.

Fundi anataka Sh180,000: mbao mpya, kalafati yote (kuziba mishono kwa pamba), rangi. Upande wa pili kuna boti ya faiba ya mitumba, futi 25, na fo-stroki ya 40, vyote Sh1,100,000. Sacco iko tayari. Mimi siwezi kuwa ufuoni kila wiki. Nibadilishe?

Mataruma

Usianze na bei, anza na mifupa. Debe nne kwa usiku zinaweza kuwa kalafati iliyochoka tu, ambayo ni kazi ndogo, au misumari iliyokwisha, ambayo ni kazi kubwa. Kwa nje mashua za namna hizo mbili zinafanana kabisa, na hiyo 180,000 imetajwa kabla hata ya chombo kutoka majini.

Mwambie nahodha aipandishe pwani wakati wa bamvua, siku za maji makuu, maji yakiwa yamejaa kabisa, ili ikae juu hadi bamvua nyingine. Hapo una kama wiki mbili. Watoe mawe, sakafu, kila kitu. Ioshwe ndani, ikauke siku tatu nne kivulini. Isiachwe juani wiki nzima. Nitasema sababu huko chini. Kisha:

Bisibisi nyembamba, mkono mtupu bila nyundo. Choma pembeni mwa mkuku pale ubao wa kwanza unapokutana nao, kwenye miguu ya kila taruma, kwenye shina la omo (mbele) kuanzia usawa wa maji kushuka, na pembe mbili za ubao wa tezi (nyuma). Ncha ikizama zaidi ya milimita 5, hapo ni laini, weka alama ya chaki. Usikubali kuambiwa "ni unyevu tu". Mbao ngumu yenye unyevu haipokei bisibisi.

Nyundo ndogo, kila shibiri moja. Mbao nzima inalia kavu. Iliyooza au iliyoliwa na mdudu wa baharini inatoa sauti nzito ya kufa. Mdudu huyu anaingia kwa tundu dogo kama ncha ya kalamu kisha anachimba kufuata nyuzi, kwa hiyo ubao unaweza kuwa mzuri kwa macho na mtupu ndani.

Misumari: ng'oa mmoja mmoja, angalau mitatu kwa kila mstari wa mbao chini ya maji, si juu ambako yote ni mizima. Ukiona msumari umebaki nusu ya unene wake katikati, pale ubao unapokutana na taruma, basi kalafati haitashika. Unapigilia pamba, mbao zinaachana na mataruma, na unavuja zaidi ya mwanzo. Doa jeusi kuzunguka kichwa cha msumari ndilo dalili ya kwanza.

Mwisho ni kamba. Ikae kwenye magogo matatu, funga uzi wa nailoni kutoka omo hadi tezi sambamba na mkuku, upime nafasi katikati na kila robo. Mkuku uliopinda mgongo zaidi ya inchi mbili kwa futi 28 ni chombo kilichokwisha nguvu, hata kama mbao zake ni nzuri.

Kanuni yangu: mkuku mzima, shina la omo zima, na mataruma mabovu chini ya theluthi, tengeneza. Mkuku ukiwa umeoza au umepinda, acha. Usibadilishe mkuku wa chombo cha miaka 19. Hiyo ni kujenga mashua mpya kwa bei ya mbili.

Gikomba_Baridi

Maswali mawili. Mnavua umbali gani? Na samaki anakaa saa ngapi kabla ya kuguswa na barafu?

SouthB_Pwani

Kawaida maili tano. Upepo wa kaskazi ukitulia wanafika maili kumi na mbili. Barafu wanabeba kidogo kwenye boksi la plastiki, nyingine inawekwa wakifika nchi kavu.

HesabuTu

Kwa majibu hayo naona umeuliza swali moja ambalo ni mawili. Chombo ni kimoja, mashine ni nyingine. Yatenganishe.

Mashua nzito ya mbao, yenye tumbo la mviringo, hailali juu ya maji. Inayasukuma. Mwendo wake una kikomo: chukua urefu wa chombo kwenye usawa wa maji kwa futi, tafuta mzizi wa pili, zidisha kwa 1.34. Yako ina kama futi 25 majini, mzizi wake 5, jibu ni maili 6.7 za baharini kwa saa. Kupita hapo mashine inatengeneza wimbi tu. Tezi inazama, omo inainuka, mafuta yanakwenda, mwendo hauji.

Sasa angalia unachochoma. Tu-stroki ya 40 ikifunguliwa yote inakula karibu lita 18 hadi 20 kwa saa. Ya 15, yote ikiwa wazi, ni lita 6 hadi 7. Kwa tumbo la mashua yako ya 15 inaweza kukufikisha karibu na maili 6 bahari ikiwa shwari, na pungufu ya hapo kukiwa na mbisho (upepo wa mbele). Maili tano ni dakika hamsini hivi. Kwa safari ya saa tatu za mashine, tofauti ni lita 33 au zaidi, na oili yake: kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1 kila lita ya petroli ina mililita 20. Weka bei ya pampu ya leo, zidisha kwa safari za mwezi. Hiyo ndiyo pesa uliyokuwa unaitafuta kwenye faiba.

Fo-stroki ya 40 nayo inapunguza, inakula kama lita 12 hadi 14 ikiwa wazi. Lakini hapo umelipa milioni moja na laki moja ili uchome mara mbili ya ile ya 15.

Faiba inalipa unapohitaji mwendo. Maili 12 kwa mashua ni saa mbili kwenda, mbili kurudi. Boti nyepesi ya futi 25 inayopanda juu ya maji, yenye watu sita na barafu, ikienda maili 15 kwa saa inafika kwa dakika 48. Kama hayo maji ya mbali ndiyo yanaleta mapato mengi ya mwaka, swali linabadilika. Kama ni wiki chache za kaskazi, halibadiliki.

Jahazi_Moja

Mbona hakuna anayetaja njia ya kati? Funika hiyo mashua kwa faiba nje, tabaka mbili, uvujaji umekwisha. Inakuwa ya mbao ndani na faiba nje.

FaibaNaPlai

Hapana, mzito. Hiyo inauza resini, haiokoi mashua.

Kwanza, resini ya polyesta haishiki mbao yenye mafuta. Mashua ya pwani ya miaka 19 imekunywa sifa (mafuta ya papa) na shahamu tangu siku ya kwanza. Unaweza kupiga msasa hadi kesho, mafuta yako ndani ya nyuzi. Pili, mbao za kupanga zinatanuka na kusinyaa kila moja kivyake, na faiba haitanuki nazo. Inapasuka kwenye mshono, maji yanapita nyuma yake na hayatoki. Kuoza kunaharakishwa badala ya kuzuiwa, na sasa huoni. Tatu, uzito: kwa mkeka wa faiba unahitaji resini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa mkeka. Tabaka mbili za gramu 450 kwa kila mita ya mraba, kwenye mita za mraba 22 za tumbo ni karibu kilo 20 za mkeka na kilo 40 hadi 50 za resini. Kwa mashua iliyokwisha misumari unaongeza mzigo tu.

Faiba juu ya mbao inafanya kazi kwenye chombo kipya cha plaiwudi, kikavu, kisichowahi kupakwa mafuta, tena kwa epoksi.

Sasa kwa SouthB, ukaguzi wa ile boti ya mitumba. Muuzaji akikataa lolote kati ya haya, rudi Nairobi.

Ubao wa tezi ndio wa kwanza, kwa sababu ndani ya faiba kuna plaiwudi na ndiyo inayokufa mapema. Mashine ikiwa imefungwa, shika mguu wake wa chini uinue na kushusha kwa nguvu, mwenzako akiangalia ubao. Ukitikisika hata kidogo, plaiwudi imekwisha. Kisha omba ruhusa ya kutoboa tundu la milimita 5 ndani, chini kabisa. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni sawa. Unga wa kahawia unaogandamana kwa maji, punguza kwenye bei gharama ya ubao mpya: plaiwudi ya baharini ya milimita 18, tabaka mbili au tatu zilizogundishwa, pamoja na kukata faiba ya ndani yote na kuirudisha. Tundu lizibwe kwa epoksi siku hiyohiyo.

Sakafu na mbavu za ndani: gonga kwa mpini wa bisibisi. Sauti ikibadilika ghafla kuwa nzito, faiba imeachana na mbao. Tembea juu yake bila viatu, nyayo zinasikia sakafu inayobonyea kabla ya macho kuona.

Nyufa za nje: zikiwa na umbo la nyota ni mgongano, mara nyingi za juujuu. Zikiwa ndefu, sambamba, karibu na mbavu, chombo kinakunjika kila wimbi. Hizo ni mbaya. Malengelenge chini ya maji, toboa moja kwa ncha ya kisu. Majimaji yenye harufu kali ya siki maana yake maji yameshaingia kwenye resini.

Angalia pia alama ya zamani ya usawa wa maji. Ikiwa boti tupu inakaa chini ya alama hiyo, povu la kuelea limekunywa maji, na kulitoa ni kung'oa sakafu nzima.

Mashine: geji ya kubana kwenye kila silinda, tofauti isizidi asilimia 10 kati ya yenye nguvu na dhaifu. Fungua skrubu ya chini ya oili ya gia. Ikitoka nyeupe kama maziwa, sili zimepitisha maji. Washa ikiwa baridi. Ukikuta imeshapashwa moto kabla hujafika, uliza kwa nini. Mkojo wa maji ya kupoza utoke kwa nguvu tangu mwanzo. Na namba ya mashine ilingane na karatasi, herufi kwa herufi.

Mafuta_Safi

Nyongeza kwa fo-stroki, hasa kwa mwenye chombo anayekaa mbali. Zenye sindano za mafuta hazipendi petroli ya mtungi. Ufuoni petroli inahamishwa kwa mipira na mitungi, maji yanaingia. Kabureta ya Enduro ikinywa maji, fundi yeyote anaifungua na kuipuliza. Sindano zikiharibika, unangojea fundi mwenye kompyuta. Ukiichukua lazima uweke kichujio cha kutenganisha maji kati ya tangi na mashine, cha mikroni 10, na nahodha akimwage kila asubuhi. Kifaa cha bei ndogo, lakini wengi wanaacha.

Halafu uzito. Tu-stroki ya 40 ni takriban kilo 70, fo-stroki ya 40 inakaribia 100. Watu wawili hawaibebi kirahisi kuipeleka banda usiku.

Ziwani_254

Huku ziwani hesabu ni nyingine, wasomaji wa Mbita na Usenge wasinakili kila kitu hapo juu. Mdudu wa baharini hayuko kwenye maji baridi. Adui ni kuoza kwa ukungu, na ukungu unapenda maji ya mvua. Chumvi inauzuia, ndiyo maana mashua ya bahari huoza kuanzia juu, kwenye ukingo na vichwa vya mataruma mvua inapotuama, na ya ziwa huoza popote.

SouthB, hii inakuhusu pia: mwambie nahodha kipindi cha masika afunike na akaushe ngama (chini ndani ya chombo) kila siku. Maji ya mvua ndani ya chombo ni mabaya kuliko ya bahari. Ndoo mbili za maji ya chumvi za kuoshea ndani si uchawi, ni dawa.

HesabuTu

Jambo ambalo wenye vyombo wa Nairobi hulisahau: mgao. Kama kwenu mafuta, barafu na chakula vinatolewa kwanza, halafu kinachobaki kinagawanywa fungu la chombo, la nyavu na la watu, basi kila lita unayookoa haiji yote kwako. Inagawanywa. Mkopo, kwa upande mwingine, unalipa peke yako.

Kwa hiyo ukifanya hesabu ya faiba, usiweke akiba yote ya mafuta upande wa mapato yako. Ikiwa fungu la chombo ni theluthi, weka theluthi. Milioni moja na laki moja ikitazamwa hivyo inachukua muda mara tatu kurudi. Au mkae na nahodha kabla ya kununua mpatane fungu jipya. Baada ya chombo kufika majini hakuna atakayekubali kupunguziwa.

Gikomba_Baridi

Na mimi ninayenunua huku juu nasema hivi: chombo chenyewe hakinihusu, nafungua matamvua. Samaki aliyekaa saa tano juani kwenye mashua au kwenye faiba ni yuleyule, bei ni ileile ya chini. Kabla ya chombo kipya tengeneza sanduku la barafu ndani ya hicho ulichonacho. Povu la inchi mbili pande zote na kifuniko, ndani faiba laini inayosugulika, tundu la kutoa maji lenye kizibo. Barafu iliyopondwa kilo moja kwa kilo moja ya samaki, ianzie nyumbani, si mkirudi. Tabaka la barafu chini, samaki, barafu, samaki, barafu juu. Samaki asilale ndani ya maji yaliyoyeyuka.

Kwa nafasi: kilo 150 za samaki na kilo 150 za barafu zinahitaji kama lita 500. Liwekwe katikati ya chombo, kamwe si kwenye omo.

Karatasi_Kwanza

Ukiamua kununua ya mitumba, malipo yafuate karatasi, si kinyume. Chini ya sheria ya uvuvi ya 2016 chombo cha uvuvi kinasajiliwa na kinapewa leseni, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Muuzaji anaweza kukuonyesha leseni iliyo hai ya chombo ambacho usajili wake una jina la mtu mwingine. Pitia ofisi ya uvuvi ya kaunti ulinganishe jina, namba iliyochorwa ubavuni na vipimo. Pitia BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ya ufuo kinakotoka, kwa sababu deni la chombo na ugomvi wa mgao vinajulikana huko kabla ya kwingine kokote, kisha BMU ya ufuo kinakokwenda. Ukaguzi wa usalama ni wa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini. Jaketi za kuokolea ziwe kwa idadi ya watu, si tatu za kuonyesha.

Na usivunje wala kuuza mashua ya zamani mpaka karatasi za mpya ziwe kwa jina lako.

SouthB_Pwani

Asanteni sana. Imepandishwa na fundi mwingine ameikagua kwa orodha ya Mataruma. Majibu:

Mkuku mgumu wote, umepinda robo tatu ya inchi. Shina la omo zima. Mataruma laini sita, manne yamefuatana karibu na tezi. Misumari ya mistari mitatu ya chini imekonda, ya juu mizima. Mdudu kwenye mbao mbili. Ubao wa tezi umeoza pembe ya kulia, chini ya pale mashine inapofungwa.

Mataruma

Hiyo ni mashua ya kutengeneza, na jawabu la uvujaji liko tezi. Mashine ya 40 imekuwa ikitikisa ubao uliooza, ubao ukatikisa mataruma manne yaliyofuatana, misumari ikalegea. Ukiweka kalafati bila kugusa hapo, unarudi mwaka ujao.

Mpangilio wa kazi usibadilishwe. Mataruma kwanza, moja baada ya jingine kwa kuruka: la kwanza na la tatu, yafungwe, ndipo la pili na la nne. Yakitolewa yote manne pamoja umbo la tezi linafunguka. Yatumike matagaa (matawi) yaliyojipinda yenyewe, si ubao ulionyooka uliokatwa umbo la upinde, kwa sababu msumeno unakata nyuzi na taruma linavunjika kwenye kona. Ikiwa ni mkoko, fundi aonyeshe kibali cha Huduma ya Misitu. Kisha ubao wa tezi, mzima, si kiraka cha pembe. Kisha zile mbao mbili za mdudu. Kisha misumari: mistari mitatu ipigwe misumari mipya iliyopakwa zinki kando ya ile ya zamani, si kwenye matundu yaleyale.

Kalafati ni ya mwisho. Pamba ya zamani itolewe yote, mshono usafishwe, pamba mpya iliyosokotwa na kulowekwa mafuta iingizwe kwa patasi ya kalafati, ijae bila kulazimishwa. Hapa ndipo sababu ya kutoianika juani: mbao zilizokauka kupita kiasi zinafungua mishono mipana, fundi anajaza pamba nyingi, mashua ikirudi majini mbao zinatanuka, hazina pa kwenda, zinang'oa misumari mipya. Chini imalizwe kwa moto wa makuti, mwepesi, wa kuua mdudu, kisha shahamu na chokaa. Shahamu irudiwe kila inapokuwa bamvua nzuri, angalau kila miezi miwili mitatu. Watu wanaacha hili na kumlaumu fundi.

Itavuja siku mbili za kwanza majini. Ni kawaida, iachwe izame kidogo, mbao zinywe. Ikizidi siku nne, itolewe.

Muda mzuri ni huu wa upepo wa kusi, chombo kinakaa tu hata hivyo.

Jahazi_Moja

Sawa kwa sasa, lakini bado nasema kama maji ya mbali ya kaskazi ndiyo yenye pesa, mtarudi kwenye faiba tu.

HesabuTu

Inawezekana. Basi atumie kaskazi ijayo kuandika kwa kila safari umbali, lita na kilo, achukue na bei. Sacco wataipenda hiyo daftari kuliko maneno.

SouthB_Pwani

Nimekubali kutengeneza. Swali la mwisho: nikiweka ya 15 badala ya 40, ubao wa tezi ukatwe urefu gani?

FaibaNaPlai

Usikate kabla ya kujua mguu wa mashine. Mfupi ni inchi 15, mrefu ni inchi 20, na ya 15 inauzwa yote mawili. Pima kutoka juu ya ubao wa tezi hadi chini ya chombo. Bamba lililo juu ya propela likae sawa na chini ya chombo au inchi moja chini yake. Likiwa juu, propela inavuta hewa kila wimbi na mashine inapiga kelele bila kusukuma. Likiwa chini sana, unaburuta.

Kwa kuwa ubao ni mpya na mashua inabeba watu sita na barafu, chukua mguu mrefu, fundi akate kwa kipimo hicho, unene milimita 45. Na uombe propela yenye hatua ndogo, ya kubebea mzigo. Ile inayokuja na mashine kwa kawaida ni ya boti nyepesi. Masaa kumi ya kwanza mchanganyiko ni 25 kwa 1, baadaye 50 kwa 1. Mwandikie nahodha kwenye mtungi kwa rangi.